Mvua Isiyopimwa Pugu

Machinga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, akisikia redioni "mvua katika maeneo machache", hujiuliza: maeneo yapi? Anataka kujua kama atandaze turubai juu ya mzigo au aurudishe stoo mapema. Jibu halipatikani, na lawama humwangukia mtabiri. Kwa maoni yangu, tatizo linaanza kabla mtabiri hajawasha kompyuta: vipimo vimepungua.

Kwa miaka mingi mvua imepimwa kwa mkono, saa tatu asubuhi, maji ya kipimamvua yakimiminwa kwenye chombo chenye alama za milimita na tarakimu kuandikwa daftarini. Zamani kazi hiyo ilifanywa pia na shule, misheni na mashamba ya mkonge. Mashamba mengi yalipokufa, nani aliendelea kujaza daftari?

Angani hali ni mbaya zaidi. Puto la gesi hupanda na kifaa kinachotuma kwa redio joto na unyevu wa hewa, likavuka kilomita 20 kisha likapasuka. Kila linaporushwa, fedha imeondoka nalo. Kwa takwimu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, vipimo vya puto barani Afrika vilishuka kwa hadi asilimia 50 kati ya 2015 na 2020. Setilaiti hazizibi pengo lote, kwani mvua ya pwani mara nyingi hutoka kwenye mawingu mafupi ambayo ukiyatazama kutoka juu hayatishi. Rada nayo huhitaji kulinganishwa na mvua iliyopimwa chini.

Kwenye pengo hilo la vipimo ndipo watu wanapokufa. Mto Msimbazi unatokea vilima vya Pugu na kushuka hadi Jangwani, kandokando ya Kariakoo. Ikinyesha huko juu, Jangwani inaweza kujaa maji wakati Kariakoo kukavu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani zilikubaliana kuwe na kituo cha ardhini kila baada ya kilomita 200 hivi. Ukipima umbali huo kutoka Kariakoo kwenda magharibi, unaipita Morogoro mjini. Kigezo hicho kinazifaa kompyuta zinazotabiri hali ya hewa ya dunia nzima, Jangwani hakiisaidii. Vipimamvua vya Pugu, Kisarawe na Segerea itabidi tuvilipie wenyewe, na ya kwanza kuulizwa iwe halmashauri inayokusanya ushuru Kariakoo.