Mawe ya Sri Lanka yasilazimishwe kusema lugha moja

Anayetaka kujua jinsi mambo ya kale yanavyoweza kuwapatanisha watu au kuwapiganisha, na akitazame kisiwa cha Sri Lanka. Nchi hiyo, ambayo hadi mwaka wa 1972 ilijulikana kwa jina la Ceylon, ina miji ya Kibudha ambayo ni miongoni mwa miji mikongwe ya bara la Asia. Mitatu kati yake, yaani Anuradhapura, Polonnaruwa na Sigiriya, ilitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 1982. Mji wa Kandy ulifuata mwaka wa 1988, na hekalu la mapangoni la Dambulla mwaka wa 1991.

Hapana shaka kwamba miji hii yastahili kulindwa. Hata hivyo, kulinda jiwe ni jambo moja, na kulinda yale ambayo jiwe linayasema ni jambo jingine. Hili la pili ndilo ninalokusudia kulijadili.

Kwanza tutazame ukubwa wa kazi yenyewe. Anuradhapura ulikuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi uliposhambuliwa na majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India mwishoni mwa karne ya 10. Ndani yake umo mti mtakatifu wa Bodhi, ambao masimulizi husema ulikua kutokana na tawi lililoletwa na Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka wa India, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Limo pia kuba la matofali la Jetavana. Jengo la aina hii huitwa stupa, na humo huhifadhiwa masalia matakatifu. Lilipokamilika, kimo chake kilikuwa mita 120 hivi, na huhesabiwa kuwa mojawapo ya majengo marefu kabisa ya ulimwengu wa kale. Huko Polonnaruwa, ulioshika nafasi ya Anuradhapura, ziko sanamu nne zilizochongwa katika mwamba mmoja, na iliyolala ina urefu wa mita 14 hivi.

Hayo ndiyo yanayowavuta watalii. Kwa mtu wa isimu kama mimi, hata hivyo, kinachovutia zaidi ni maandishi. Katika ngome ya Sigiriya, iliyojengwa na mfalme Kashyapa juu ya mwamba katika karne ya 5, upo ukuta uliosuguliwa ukang'aa kama kioo. Wageni waliofika hapo, hasa kati ya karne ya 8 na ya 10, walikwaruza juu yake tungo fupi za kuwasifu wanawake waliochorwa mwambani. Msomi Senarat Paranavitana alichapisha tungo 685 za aina hiyo mwaka wa 1956. Kwa anayechunguza historia ya Kisinhala, lugha ya walio wengi nchini humo, ukuta huo ni hazina isiyo na kifani.

Lakini si Kisinhala pekee kinachonena katika mawe ya kisiwa hicho. Huko Anuradhapura lipo andiko la karne za mwisho kabla ya Kristo linalotaja baraza iliyokuwa ya wenye nyumba wa Kitamili, mmojawapo akiwa nahodha. Huko Polonnaruwa nako kuna bamba la jiwe la karne ya 12 ambalo kila mwananchi wa Sri Lanka angepaswa kulijua. Mfalme Vijayabahu wa Kwanza aliwafukuza Wachola, ambao walikuwa Watamili, mwaka wa 1070, kisha akaamuru lijengwe hekalu la kuhifadhi jino la Budha, ambalo ndilo salio tukufu kuliko yote kisiwani. Ni nani walioapa kulilinda hekalu hilo hata kama ingewabidi kuangamia? Walikuwa askari wa kikosi cha Velaikkara, na kiapo chao kimechongwa kwa Kitamili.

Jiwe jingine liligunduliwa mjini Galle mwaka wa 1911 likiwa limetumiwa kufunikia mtaro. Lilichongwa mwaka wa 1409 kwa ajili ya msafara wa amiri Zheng He wa Uchina, ambaye merikebu zake zilikuja kufika Malindi kwetu katika safari ya mwaka wa 1417 hadi 1419. Lina lugha tatu. Kwa Kichina linamtolea Budha sadaka. Kwa Kitamili linamtolea mungu wa Kihindu. Na kwa Kiajemi linamtukuza Mungu kwa njia ya Kiislamu. Aliyetaka kukaribishwa vyema kisiwani aliona ni sharti aseme na kila mtu kwa lugha yake.

Ni kinaya basi kwamba mwaka ule ule wa 1956, tungo za Sigiriya zilipochapishwa, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee. Sitadai kwamba sheria hiyo peke yake ndiyo iliyoleta vita. Lakini mtu akiambiwa kwamba lugha ya mamake haina nafasi katika ofisi za nchi yake, ataanza kushuku kwamba yeye naye hana nafasi. Mwaka wa 1981 maktaba ya Jaffna, hazina kuu ya maandishi ya Kitamili, ilichomwa na kundi lililokuwa na askari wa polisi ndani yake, na vitabu na miswada ipatayo 97,000 ikateketea. Vita vilizuka mwaka wa 1983. Mwaka wa 1985 wapiganaji wa Tamil Tigers waliua watu zaidi ya 100 mjini Anuradhapura, wakiwamo waumini waliokuwa kwenye mti wa Bodhi. Januari 1998 walililipua kwa lori la mabomu hekalu la jino la Budha mjini Kandy. Kiapo cha Polonnaruwa kilikuwa kimesahauliwa na pande zote mbili.

Kitamili kilipewa hadhi ya lugha rasmi mwaka wa 1987, na vita vilimalizika mwaka wa 2009. Hata hivyo, ubishi juu ya mawe haujaisha. Mwaka wa 2020 rais aliunda jopo la kusimamia mambo ya kale katika Mkoa wa Mashariki, ambako Watamili na Waislamu ndio wengi. Lilipoundwa halikuwa na Mtamili wala Mwislamu hata mmoja. Katika hali kama hiyo mkulima akimwona mtaalamu wa mambo ya kale anakuja na kamba ya kupimia, atawaza juu ya shamba lake kabla ya kuwaza juu ya historia.

Huenda msomaji akauliza: je, si kweli kwamba miji hii ilijengwa na wafalme wa Kibudha, na kwamba waumini wangali wanasali humo? Ni kweli tupu, na wala haki yao haipunguzwi na yeyote. Lakini mwenye nyumba hapungukiwi na kitu anapokiri kwamba mlinzi wa mlango wake alikuwa jirani. Kinachompunguzia ni kukifuta kiapo cha mlinzi huyo.

Orodha ya UNESCO huweza kulinda tofali lisibomolewe, lakini haiwezi kumlazimisha mwalimu kuwasomea wanafunzi jiwe lote. Kazi hiyo ni ya wenyewe. Kitabu cha kale cha Mahavamsa, kilichoandikwa kwa Kipali na watawa wa Kibudha, kinasimulia kwamba mfalme Dutthagamani alipomuua Elara, mfalme wa Kitamili, alimjengea kaburi na kuamuru liheshimiwe. Na kwamba hata wafalme waliofuata walinyamazisha ngoma zao walipolipita. Ikiwa aliyeshinda vita aliweza kumpa heshima hiyo adui aliyemuua kwa mkono wake, waliorithi mji wake hawawezi kushindwa kuipa heshima lugha ya majirani walio hai.