Kinachobaki Mtandao Ukikatika

Mtaalamu anayeandika nyongeza ya DHIS2 akiondoka Kibiti mjini kwenda kupanda boti Nyamisati, ajue kwamba ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, mtandao si wa kutegemea. DHIS2 ni mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, na ndio Tanzania inaoutumia. Msimbo wake uko wazi na hutunzwa kwa Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kwa kawaida anayenakili msimbo kwa Git hupata historia yake yote, hivyo kazi yaendelea hata pasipo seva.

Ila bila seva, atajuaje wenzake wanaoandika msimbo huohuo wamefikia wapi? Jina kama origin/master, yaani tawi (mkondo wa kazi) la master kwenye seva iitwayo origin, hudanganya macho: wengi hudhani linaonyesha seva ilivyo sasa hivi. Kumbe ni kumbukumbu iliyomo ndani ya laptopu yake, mstari wa herufi na tarakimu 40 unaotambulisha badiliko la mwisho ambalo seva ilikuwa nalo laptopu ilipowasiliana nayo mara ya mwisho.

Akiwa bado Kibiti aandike git fetch origin. Git huiuliza seva matawi yake yamefika wapi, hushusha mabadiliko yanayokosekana tu, kisha husogeza kumbukumbu hizo. Faili alizozifungua haziguswi. Kuunganisha mabadiliko hayo na kazi yake atafanya akitaka, hata akiwa Mbwera, ndani ya delta.

Kanuni inayoongoza fetch imo kwenye faili la config: +refs/heads/*:refs/remotes/origin/*. Kushoto kwa nukta pacha ni matawi ya seva, kulia ni mahali pa kuyakumbukia. Alama ya kujumlisha huruhusu kumbukumbu isogezwe hata kama wenzake wameiandika historia upya.

Zamani palikuwa na kero. Ukitaja tawi moja, git fetch origin master, mabadiliko yalishuka lakini origin/master haikusogea. Matokeo yaliandikwa kwenye faili la FETCH_HEAD pekee. Bando limeliwa, na bado laptopu inakuonyesha hali ya juzi! Toleo la 1.8.4 la mwaka 2013 liliondoa kero hiyo, na kwa anayenunua intaneti kwa vipimo naliona ni badiliko la maana kuliko mengi yanayosifiwa.

Jambo moja fetch hailifanyi mpaka iombwe: tawi likifutwa kwenye seva, kumbukumbu yake hubaki. Kabla ya kupanda boti aongeze --prune, inayofuta kumbukumbu za namna hiyo, asije akajenga kazi ya wiki nzima juu ya tawi ambalo wenzake walishaliondoa.