Tela Dogo Nyuma ya Gari la Spoti

Je, wajua kwamba mmoja wa waanzilishi wa makaravani madogo ya Ulaya alikuwa mtengenezaji wa ndege za roketi? Erich Bachem, mhandisi wa Kijerumani, ndiye aliyebuni Ba 349 Natter, ndege ya vita iliyoundwa kwa mbao na kurushwa wima. Tarehe 1 Machi 1945 iliruka na rubani kwa mara ya kwanza, na rubani huyo, Lothar Sieber, akafa muda mfupi baada ya kupaa. Miaka kumi na miwili baadaye Bachem alikuwa Waldsee, kusini mwa Ujerumani, kwenye karakana ya familia ya Hymer, akiunda karavani pamoja na kijana wa nyumba hiyo, Erwin.

Makaravani yao, yaliyouzwa kwa jina la Eriba, yalijengwa kwa akili ya mtu wa ndege: fremu ya mabomba membamba ya chuma, bati la alumini juu yake, na paa linaloshushwa safarini na kuinuliwa mkifika kambini. Volkswagen Beetle ya miaka ile ilikuwa na nguvu za farasi 30 tu, kwa hiyo kila kilo ilihesabiwa. Wamarekani nao walishika njia yao. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani ya tela lenye umbo la tone la maji, ambalo mtu angeweza kujiundia nyumbani. Matela ya aina hiyo mara nyingi huwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, kipimo cha ubao mmoja wa plaiwudi. Ndani ni kitanda basi. Nyuma kuna mlango unaofunguka kwenda juu, na chini yake ndipo lilipo jiko.

Tela kama hilo ndilo linalowavutia wenye magari ya spoti ya viti viwili. Chukua Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Ina uzito wa karibu tani moja, na buti lake likishapokea mabegi mawili limejaa. Hema, magodoro na sufuria vitakaa wapi? Mazda wenyewe hawakuikusudia kazi hiyo. Kitabu cha gari kinachotolewa Marekani kinakataza kabisa kuvuta tela. Wapo wanaofunga kiungio cha kuvutia tela hata hivyo. Mimi naona neno la mtengenezaji linapaswa kutangulia, kwa sababu pale ambapo gari halikuidhinishwa kuvuta, sheria na bima vinaweza kukugeuka siku ya ajali. Yapo magari ya spoti yaliyoidhinishwa, na yanayofuata hapa yanayahusu hayo.

Watu huuliza kwanza habari ya nguvu za injini. Kwa tela la kilo 300, gari la spoti lina nguvu za kutosha na kusaza. Jambo la kuogopa ni kuyumba. Lori linapokupita, upepo wake hulisukuma tela pembeni kidogo. Tairi zake hulirudisha, lakini linapitiliza hadi upande wa pili, na kila likienda huku na huku linauburuta mkia wa gari. Kwenye mwendo mdogo mtikisiko huo hufa wenyewe. Kadiri unavyokimbia ndivyo mtikisiko unavyochelewa kufa, na kila gari na tela lake vina mwendo ambao ukishauvuka, mtikisiko haufi tena bali unakua, mpaka tela lipinduke au liligeuze gari. Kinachotisha ni kwamba kilomita chache kwa saa chini ya mwendo huo, dereva huona mambo yote shwari.

Hapa gari la spoti lina faida na hasara. Faida ni kwamba mkia wake ni mfupi, hivyo kiungio kiko karibu na ekseli ya nyuma na tela halipati nafasi kubwa ya kuusukuma mkia. Hasara ni wepesi wake.

Lakini kinachoamua zaidi ni upakiaji. Tela la ekseli moja hufanya kazi kama pembea ya ubao: ukiongeza mzigo nyuma ya ekseli, shingo, yaani mkono wa mbele unaofungwa kwenye kiungio, inainuka. Wamarekani hushauri shingo ikalie kiungio kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Tuseme tela lina kilo 300, shingo inakandamiza kwa kilo 30, na kutoka kiungio hadi ekseli ni mita 2.5. Sasa weka jikoni, mita 1 nyuma ya ekseli, dumu la maji la lita 20 na sanduku la barafu la kilo 25. Shingo inapoteza kilo 18. Zinabaki 12 kwa tela ambalo sasa lina kilo 345, yaani chini ya asilimia 4. Umbo la tone lina mtego huo: jiko liko nyuma kabisa, na vitu vizito vyote vinaitwa jikoni. Dumu na sanduku la barafu visafiri mbele ya ekseli, vimefungwa kamba. Kupima ni rahisi: simamisha tela mahali tambarare likiwa na mizigo yote, kisha ikalishe shingo juu ya kigogo kilichosimamishwa kwenye mizani ya kupimia watu.

Upande wa gari nako kuna hesabu yake. Kilo 30 zikikaa mita 0.9 nyuma ya ekseli ya gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 2.27, ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 42, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo ya usukani, yanapunguziwa 12.

Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara bila kupambana nao, na uache mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki ghafla. Ushauri wa kuongeza mwendo ili kulinyoosha tela ni wa hatari, kwa kuwa unakupeleka palepale mtikisiko unapokua. Ujerumani kikomo cha kawaida kwa anayevuta tela ni kilomita 80 kwa saa. California ni maili 55, karibu kilomita 88.

Usisahau magurudumu ya tela lenyewe. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 42, kwa kilomita 90 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 1,100 kwa dakika, wakati tairi la gari la sentimita 58 halifiki 850. Bearingi ndogo zinachemka mapema. Kila mnaposimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha gurudumu, na kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, msiendelee na safari kabla ya kukagua grisi.