Babati: Wakushi, Wakelti na utani wa stendi

UKISHUKA kwenye basi mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, na kumwuliza mpiga debe kwamba yeye ni mtu wa wapi, jiandae kupata majibu matatu kwa mpigo. Atakutajia mkoa, atakutajia kabila lake, kisha atakutajia kabila la mwenzake aliyesimama kando, na hilo la mwisho atalisema kwa kicheko. Mwenzake naye hatakaa kimya.

Utasikia hapo kwamba Mmbugwe hana haja ya nauli kwa kuwa usiku husafiri kwa kupanda fisi. Utasikia kwamba Mrangi hapiti penye mnada bila kununua kitu na kukiuza hatua kumi mbele. Mwiraqw ataambiwa kwamba hata arusini anatafuta makande, na Mmang'ati kwamba fimbo yake hulala kitandani na mkewe hulala chini. Mgeni asiyejua atadhani watu wanagombana. Wenyewe wakimaliza hugawana chapati.

Huu si ule utani wa jadi wa kwenye misiba, ambapo mtani huziba njia ya kaburini mpaka apewe chake. Ni utani wa mtaani, uliozaliwa na ujirani wa soko na barabara. Lakini ndani yake mna jambo zito kuliko linavyoonekana: nani ni nani katika mji huu, na nani alimpa jina hilo.

Ndugu msomaji, pande hizi zina sifa ambayo ni nadra kuipata kwingine. Kati ya Kondoa na Ziwa Eyasi, mwendo usiozidi siku moja kwa gari, zinasikika lugha za makundi yote manne ambayo wataalamu wa karne ya 20 waliligawa kwayo bara la Afrika. Wambugwe wa Magugu na Mwada, pamoja na Warangi wa Kondoa, ni Wabantu. Wadatoga, ambao tawi lao la Hanang' ni Wabarbaig, ni Waniloti kama walivyo Wamasai. Wairaqw, Wagorowa na ndugu zao wa upande wa Kondoa, Waburunge na Waalagwa, ni Wakushi. Kisha wako Wasandawe na Wahadzabe, wenye sauti za ulimi zinazofanana na mlio wa mtu anayeswaga punda, ingawa siku hizi wataalamu wengi hawakubali tena kwamba lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja.

Wakushi wa Manyara ndio wanaonifanya niwakumbuke Wakelti wa Ulaya.

Msomaji wa kurasa za michezo analijua jina Celtic kwa sababu ya klabu ya Glasgow, iliyoanzishwa mwaka 1887 miongoni mwa wahamiaji waliotoka Ireland. Jina lile ni la ukoo mzima wa watu wa pembezoni mwa Ulaya Magharibi: Ireland, Scotland, Wales, Cornwall, kisiwa cha Man na Brittany iliyoko Ufaransa. Ajabu ni kwamba mababu wa watu wa Ireland na Wales hawakujiita Wakelti. Mwaka 1707 msomi mmoja wa Wales, Edward Lhuyd, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba lugha za watu hao ni ndugu. Jina la Wakelti, lililokuwa limelala katika vitabu vya Wagiriki na Warumi, likaja kubandikwa juu ya ukoo huo. Wenyewe wakalipenda, na leo wanalivaa kifuani.

Ndivyo ilivyo kwa Wakushi wetu. Kushi ni mwana wa Hamu katika kitabu cha Mwanzo. Wasomi wa Ulaya walilichukua jina hilo wakaliweka juu ya lugha zinazoenea kutoka pembe ya Afrika, kama Kisomali na Kioromo, hadi kwenye miinuko ya Mbulu. Sidhani kama kuna mzee wa Bashnet ambaye babu yake alijitambulisha kuwa Mkushi. Hata hivyo, vijana wa Babati waliosoma hulitamka leo neno hilo kwa fahari, na aghalabu hulitamka wakati wanapotaka kumkumbusha Mbantu kwamba wao walitangulia kufika.

Kupewa jina na jirani ni ada ya pande hizi. Neno "Mang'ati" ni la Kimasai, na maana yake ni adui. Watu walewale, wakivuka kwenda kwa Wasukuma na Wanyamwezi, huitwa Wataturu. Wagorowa waliandikwa katika vitabu vya wakoloni kuwa Wafiomi, na Wairaqw wanajulikana nchi nzima kuwa Wambulu, jina la mji. Uingereza nako ni hivyo hivyo: jina Wales limetokana na neno ambalo Waingereza wa kale walilitumia kuwaita wageni. Fikiria ukaribishwe nyumbani kwako mwenyewe kwa jina la "mgeni"! Wenyewe hujiita Cymry, yaani watu wa nchi moja.

Mahali pasipo na jina la jirani, huja hadithi. Iko dhana iliyoenea kwamba Wairaqw walitoka Iraq, na ushahidi wake mkubwa ni kwamba majina yanafanana. Dhana hii imewapatia watani wao chakula cha miaka mingi, kwani tangu vita vya Iraq vya mwaka 2003 mtu wa Mbulu hajaacha kuulizwa alipoficha silaha. Lugha, lakini, inasema vingine. Kiiraqw ni cha tawi la Kikushi, na ndugu zake wa karibu wako hapa hapa Babati na Kondoa. Kiarabu ni binamu wa mbali mno, na kufanana kwa majina hakuthibitishi kitu.

Ufanano mwingine, ambao si wa hadithi, uko kinywani. Chukua jina la Dk. Willibrod Slaa, aliyegombea urais mwaka 2010. Watanzania wengi hulitamka kwa "s" kisha "l". Katika Kiiraqw herufi hizo mbili ni sauti moja, na sauti hiyo ndiyo ambayo watu wa Wales huiandika kwa "l" mbili, kama katika jina la mji wa Llanelli. Waingereza wamekaa jirani na sauti hiyo kwa zaidi ya miaka elfu na wengi wao bado hawaiwezi. Mbantu wa Babati asijione mnyonge.

Hata hivyo Mbantu huyo naye amekwisha kuchovywa. Katika lugha nyingi za Kibantu kitenzi kisaidizi hutangulia, kama tunavyosema "alikuwa anasoma". Kirangi na Kimbugwe, katika baadhi ya nyakati, hugeuza mpangilio huo na kuweka kisaidizi nyuma, jambo ambalo ni nadra sana kwa Wabantu, na wapo wataalamu wanaoliona kuwa huenda ni alama ya kukaa kwa muda mrefu na majirani wa lugha nyingine. Mrangi anayemcheka Mwiraqw pale stendi huenda anamcheka kwa sarufi ya Kikushi.

Sasa tuseme na yale yasiyochekesha. Utani wa fisi una mzizi: mwanaanthropolojia Robert Gray, katika maandishi yake ya miaka ya 1960, alieleza imani ya Wambugwe kwamba wachawi hufuga fisi. Kati ya vijana wa rika moja ni kicheko tu. Ukimfuata bibi kizee hadi nyumbani kwake ni jambo jingine kabisa, na nchi hii imewazika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Vivyo hivyo Mbarbaig anaweza kuitwa adui na akacheka, lakini usimtanie kuhusu ardhi. Malisho ya Basotu yaligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, na wanakijiji wa Mulbadaw walifika hadi Mahakama ya Rufani, ambako walishindwa mwaka 1985. Watu wa mjini hawana budi kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa.

Kuna utani mmoja unaowaunganisha wote, nao ni ule wa kuisema Arusha. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na kama mtoto yeyote aliyeondoka kwa wazazi, unalalamika kwamba vyombo vyake vimebaki kule. Tanzanite, iliyogunduliwa mwaka 1967, inachimbwa Mirerani katika Wilaya ya Simanjiro, lakini kwa miaka mingi iliuzwa kwa jina la Arusha. Hifadhi ya Tarangire iko Manyara, na mtalii huambiwa kuwa anakwenda Arusha. Lililo chungu zaidi ni Ziwa Manyara: mkoa umechukua jina lake, jina ambalo nalo limetokana na neno la Kimasai la mmea wa mnyaa, lakini lango kuu la hifadhi ya ziwa hilo liko Mto wa Mbu, mkoani Arusha.

Fahari iliyobaki haigombaniwi na mtu. Gidamis Shahanga, mtoto wa Hanang', alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 mjini Edmonton, Canada. Mwaka 2005 Fabiano Joseph Naasi, mzaliwa wa Babati, alitwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni katika mji uleule wa Edmonton. Na msimu wa 2024/25 klabu ya Fountain Gate ilihamia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, wenye jina la jiwe na la mlima kwa pamoja, Babati ikapata mechi za Ligi Kuu nyumbani.

Ndani ya fahari hiyo ya mkoa, mwenye sauti ndogo kuliko wote ni Mgorowa, na huyu ndiye mwenyeji wa kale wa mji wenyewe. Kigorowa na Kiiraqw vinakaribiana kiasi kwamba wasemaji huelewana. Mgorowa atakuambia kuwa Kiiraqw ni Kigorowa kilichopanda mlima kikapata mafua. Mwiraqw atajibu kuwa Kigorowa ni Kiiraqw kilichoteremka kikachoka. Lakini Wairaqw ni wengi, soko linazungumza Kiswahili, na darasani hakuna lugha ya kabila inayotumika rasmi. Lugha iliyo ndogo namna hii inaweza kumezwa bila hata kupigwa vita. Huko Ulaya, Kimanx cha kisiwa cha Man kilimpoteza msemaji wake wa mwisho aliyekua nacho tangu utotoni, Ned Maddrell, mwaka 1974.

Wales inajua hali yake kwa tarakimu: sensa ya mwaka 2021 ilipata wasemaji wapatao 538,000 wa lugha yao, ikawa ni sababu ya kuulizana kwa nini wamepungua. Sisi hatuna tarakimu kama hiyo. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967, na uamuzi wa kuacha kuuliza ulikuwa na busara yake, kwani nchi nyingi jirani zimetoana damu kwa hesabu za namna hiyo. Gharama yake ni kwamba Kigorowa kinaweza kupungua nusu bila jedwali lolote la serikali kuonyesha. Kilicho hakika ni kazi ya mtaalamu wa isimu Andrew Harvey, ambaye kwa kushirikiana na Wagorowa wenyewe amerekodi hadithi na mazungumzo yao na kuyaweka katika hifadhi ya kumbukumbu za lugha.

Kwa msomaji atakayepita Babati na kutaka kujaribu ile sauti ya Slaa: weka ncha ya ulimi kama mtu anayetaka kutamka "l", usitoe sauti kooni, kisha sukuma pumzi ipite kandokando ya ulimi. Jaribu mbele ya mwenyeji, si mbele ya kioo. Ukishindwa mara ya tatu, mwenye mgahawa atakuuliza kama wewe ni mtu wa Arusha.