Gari lilipoanza kumisi, nilimlaumu mtoto kabla ya kufungua boneti

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Nilikuwa nawapeleka watoto shule. Kwenye mwinuko mmoja kabla ya Ubungo nilikanyaga mafuta nilipite lori, na gari likakataa. Halikuzima. Lilianza kutetemeka, likapoteza nguvu, na nyuma ekzosi ikawa inapiga kwa kukatakata kama mtu mwenye kikohozi.

Niliwasha taa za tahadhari nikasogea pembeni. Binti yangu wa darasa la tano akauliza kama gari linawaka moto. Sikumjibu. Nilimgeukia kaka yake, ambaye yuko kidato cha tatu na ndiye huliwasha gari kila asubuhi lipate joto.

“Umelifanya nini gari langu? Umepiga resi?”

“Hapana, Baba.”

“Basi nani? Mimi jana sikuliwasha!”

Hakusema tena. Waliteremka wakapanda daladala, nami nikabaki pale na hasira zangu.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200. Wasiolijua watasema ni saluni ya kawaida ya milango minne, lakini ni gari la spoti lililovaa nguo za familia. Toyota walilitoa mwaka 1998, likashinda tuzo ya gari bora la mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998 na 1999, na nje ya Japani liliuzwa kwa jina la Lexus IS. RS200 ina injini ya silinda nne ya lita mbili, 3S-GE, ambayo Toyota waliiunda wakishirikiana na Yamaha. Nililinunua kabla sijawa na watoto. Mke wangu amekwisha kunishauri mara nyingi niliuze.

Hukumu ya dakika mbili

Gereji ya kwanza niliyofika, fundi alisikiliza injini kwa dakika mbili, akatikisa kichwa. “Bosi, silinda moja imekufa. Hii injini imeisha. Tafuta nyingine.” Hakufungua hata plagi moja.

Bei aliyoitaja ya injini iliyotumika ilikaribia ada ya watoto wote wawili kwa muhula unaofuata. Nililipa gari la kuvuta, nikalirudisha nyumbani. Jioni ile nyumba ilikuwa kimya. Kijana alikula akaenda kulala. Jumanne hivyo hivyo, Jumatano hivyo hivyo. Shikamoo yake niliipata, lakini mazungumzo hapana.

Alhamisi jioni mke wangu alimwita mzee mmoja jirani, fundi mstaafu. Alikuja na kiboksi chake cha spana na tochi. Kijana akamwamkia, “Shikamoo babu,” mzee akaitika, “Marahaba mjukuu wangu, shika tochi.” Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kumisi ni swali ambalo lina njia ya kujibiwa.

Injini inamisi maana yake nini?

Mzee alieleza hivi. Kila silinda inahitaji vitu vinne ili iwake: hewa, mafuta, cheche ya plagi, na kompresheni, yaani pistoni kuminya mchanganyiko wa hewa na mafuta bila kuvuja. Kikikosekana kimoja, silinda haiwaki, na injini inayumba kama meza iliyokatwika mguu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 25 kwa sekunde. Ndiyo maana mtetemo unausikia mpaka kwenye usukani.

Kisha akauliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuuliza: “Limeanza ghafla au polepole?”

Tofauti ni kubwa. Plagi zilizochakaa, nozeli zilizoziba au pistoni zilizolika huanza kwa dalili ndogo: gari linakuwa zito, linakula mafuta, asubuhi linawaka kwa shida. Kinachotokea ghafla kwenye gari lililokuwa zima jana, mara nyingi ni umeme: koili, waya au soketi yake. Pengine ni bomba dogo la hewa lililochomoka. Mafuta yaliyochanganyika na maji nayo huleta shida ghafla, lakini hayo kwa kawaida husumbua silinda zote, hayachagui moja.

“Na mara ya mwisho gari hili liliguswa lini?” mzee akauliza.

Nilikuwa nafikiria. Kijana ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini: “Jumamosi, babu. Walipoliosha, Baba aliwaambia waoshe na injini.”

Nilimtazama. “Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza, Baba. Uliniambia tu kwamba ni mimi.”

Mzee alijifanya hajasikia, akaendelea kufungua kava la plastiki juu ya injini.

Kutafuta silinda iliyolala

Kwanza tulijaribu kifaa kidogo cha kusomea hitilafu ambacho mpwa wangu alituazima, kile kinachounganishwa na simu. Hakikusoma kitu. Mzee hakushangaa: magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayazungumzi na vifaa hivi vya bei rahisi. Kama gari lako linasomeka, namba za kuangalia ni P0300, yaani silinda mbalimbali zinamisi bila mpangilio, au P0301 hadi P0304, ambapo tarakimu ya mwisho hukutajia silinda yenyewe.

Tukarudi kwenye njia ya zamani. Altezza hii ina koili nne, kila moja imekaa juu ya plagi yake. Kazi ya koili ni kuupandisha umeme wa betri wa volti 12 mpaka maelfu mengi ya volti ili cheche iruke. Kwa hiyo mzee alikuwa na amri moja: hakuna kuchomoa kitu injini ikiwa inawaka. Unazima, unachomoa soketi ya koili moja, unawasha kwa sekunde chache, unasikiliza, unazima, unarudisha.

Tulichomoa ya kwanza: injini ikazidi kuyumba, karibu izime. Maana yake silinda ya kwanza ilikuwa inafanya kazi. Tukarudisha, tukachomoa ya pili: hakuna kilichobadilika. Ya tatu na ya nne, injini ikayumba zaidi tena. Silinda iliyolala ilikuwa ya pili.

“Sasa tunajua pa kuchimba,” mzee akasema.

Alipoinua koili ya pili, mpira wake wa chini ulitoka na matone ya maji. Tulimulika ndani ya shimo la plagi: maji yametuama, na juu yake utando mwembamba wa oili iliyovuja kutoka gasketi ya kava la juu, lile mafundi wanaloliita tapeti kava. Kwenye mpira ule kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli. Hiyo ndiyo njia aliyojitengenezea umeme. Badala ya kushuka kwenye plagi, ulikuwa unapita pembeni kwenye mpira wenye unyevu na kupotelea kwenye chuma.

Na kwa nini gari liliwaka vizuri asubuhi, likagoma kwenye mwinuko? Kwa sababu ukikanyaga mafuta kupanda kilima, silinda inajaa zaidi, mgandamizo unaongezeka, na cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka. Umeme ukikuta njia rahisi pembeni, unaichukua.

Usikimbilie kununua

Mzee alipuliza maji yote kwa pampu kabla ya kulegeza plagi, ili yasidondokee ndani ya silinda. Plagi ilitoka imelowa petroli. Akatufundisha kuisoma: rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya, masizi meusi makavu ni mafuta mengi kupita kiasi, oili maana yake oili inaingia mahali isipotakiwa, nyeupe iliyobabuka ni joto kali, na iliyolowa petroli, kama yetu, ni silinda inayopata mafuta lakini haiwaki.

Tulikausha kila kitu. Mimi nilitaka niende dukani palepale. Mzee akanizuia. Alihamisha koili ya pili kwenda silinda ya tatu, na ya tatu kwenda ya pili, akaziandika namba kwa kalamu ya rangi. Tukawasha. Injini bado inamisi. Tukarudia kuchomoa soketi moja moja, na safari hii silinda iliyolala ilikuwa ya tatu.

Tatizo lilihama pamoja na koili. Plagi, nozeli na pistoni za silinda ya pili zilikuwa hazina kosa. Kama kumisi kungebaki kwenye silinda ya pili, tungehamisha plagi. Kungebaki bado, tungeangalia nozeli na waya zake, na mwisho tungepima kompresheni kwa geji. Hapo ndipo mtu anapata haki ya kutamka kwamba injini imeisha, baada ya kuona silinda moja ina kipimo cha chini sana kuliko wenzake.

Kijana ndiye aliyechomoa koili ile mbovu akanikabidhi. Niliishika, nikaona ule mstari mweusi kwa mwanga wa tochi. Nikamwambia mbele ya mama yake na mbele ya mzee: “Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe.”

“Haya, Baba.” Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kukaza plagi mwenyewe. Mzee akamwelekeza aanze kwa vidole kabla ya spana, maana hedi ni ya aluminiamu na nyuzi zake huharibika upesi.

Jumamosi tulinunua koili moja, plagi nne na gasketi ya tapeti kava. Jumla ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya injini niliyoambiwa ninunue. Jumatatu watoto walipanda gari kwenda shule, na ule mwinuko tuliupanda bila shida.

Mzazi, likikutokea barabarani

Ukiwa na watoto ndani, kazi ya kwanza si injini. Punguza mwendo, washa taa za tahadhari, toka barabarani mahali salama, weka pembetatu ya tahadhari, na watoto wasimame mbali na magari yanayopita. Usiegeshe juu ya nyasi kavu. Petroli isiyoungua ndani ya silinda huenda kuungulia kwenye katalaiza, lile sega la kusafisha moshi ndani ya ekzosi, nayo huweza kupata joto kali mno.

Angalia taa ya injini kwenye dashibodi. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, ikiwaka bila kupepesa, unaweza kwenda taratibu mpaka gereji. Ikipepesa, kumisi ni kwa kiwango cha kuharibu katalaiza, na ni heri kuvutwa kuliko kuendelea. Zima pia iwapo kipimo cha joto kinapanda au moshi mweupe mzito unatoka mfululizo. Hiyo yaweza kuwa gasketi ya silinda hedi.

Gari likiwa limesimama, rekodi sauti na mtetemo kwa simu. Kumisi kuna tabia ya kutoweka ukifika kwa fundi. Andika pia lilianza lini, gari lilikuwa la moto au la baridi, lilikuwa linapanda au liko tambarare, na nini kilifanywa siku chache kabla: kuoshwa, kujazwa mafuta mahali pageni, kufunguliwa na fundi.

Ukifika gereji, uliza maswali matatu. Ni silinda ipi? Umejuaje? Umejaribu kuhamisha koili au plagi? Fundi mzuri hatakasirika. Asiyeweza kujibu, usimpe fedha ya injini.

Ukitaka mtoto ajifunze pamoja nawe, ni vyema, ila injini iwe imezimwa na imepoa, mikono na nguo zikae mbali na mikanda na feni, mfuniko wa rejeta usiguswe ukiwa wa moto, na kamwe msiwashe gari ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Na mashine ya maji ya presha usiruhusu ielekezwe juu ya injini. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

Ile koili mbovu sikuitupa. Kijana aliiomba, iko juu ya meza yake ya kusomea. Siku hizi kitu kikiharibika nyumbani, redio au pasi au bomba, huwa naiona ile koili kabla sijauliza nani amekivunja.