Mama, Muziki Bado Unakugusa?

  

Bila shaka umewahi kumsikia dijei redioni akipiga disko na hausi saa nzima bila kukatiza. Ulikuwa umechoka, lakini mguu ukaanza kugonga sakafu. Kwa nini?

Muziki wa hausi ulizaliwa Chicago, Marekani. Kuanzia mwaka wa 1977, dijei Frankie Knuckles alipiga disko katika ukumbi ulioitwa Warehouse, na jina hausi likatoka hapo. Wengi waliofika walikuwa vijana waliotengwa na jamii. Usiku mmoja wa kucheza pamoja uliwatua mzigo.

Siri ni mdundo. Unapiga sawasawa, mara 120 hivi kwa dakika, kama hatua za mtu anayetembea haraka. Ubongo hujua pigo lijalo litaanguka lini, na mwili hufuata. Kisha dijei huondoa besi. Unangoja. Inaporudi, unajikuta ukitabasamu, kwa sababu kungojea kitu kizuri na kukipata huupa ubongo raha. Tena kucheza ni mazoezi ya moyo.

Basi cheza hata dakika 10 ukiosha vyombo. Ukimbeba mtoto mchanga, shikilia kichwa na shingo yake, uyumbe polepole. Usimtikise kamwe, kwani ubongo wake unaweza kuumia. Sauti nayo iwe ya chini. Ikiwa ni lazima upaze sauti ndipo aliye karibu nawe akusikie, muziki huo ni mkubwa mno kwa masikio ya mtoto.

Sasa sikiliza kwa makini. Baada ya kujifungua, mama wengi huhuzunika au kulia kwa siku chache. Hali hiyo kwa kawaida huisha kabla ya wiki 2. Lakini je, huzuni imezidi hapo? Hupati usingizi hata mtoto akilala? Unamwona mtoto kama mzigo? Wimbo uliokuinua zamani sasa unausikia kama kelele tu? Mama, huo si uvivu, wala hukurogwa. Huenda ni ugonjwa wa huzuni, na una matibabu. Muziki peke yake hautoshi. Siku ya kupeleka mtoto chanjo, mwambie muuguzi, "Hata mimi siko sawa."

Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali leo hii, na usibaki peke yako.

Na wewe baba, nyanya, au jirani: ukiona mama aliyezoea kuimba jikoni amenyamaza, usimseme. Mpokee mtoto, kaa naye, umuulize, "Unaendeleaje?" Kisha umsikilize.

Kumbuka: mama akipona, mtoto naye hunufaika. Hadi wiki ijayo, kwaherini.