Je, Wajua? Hata kucheza na kwaya ni mazoezi

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 ulihesabu mazoezi ya kuanzia dakika 10 mfululizo tu. Ule wa 2020 ukafuta sharti hilo. Kwa mama mwenye unene huko Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, ni habari njema: mwendo wa kupanda kwenda shambani unahesabiwa hata akipumzika njiani, na kucheza na kwaya vilevile. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kwa kasi ya wastani: aweze kuongea na mwenzake, asiweze kuimba (wanakwaya watatusamehe). Magoti yakiuma, achague njia tambarare. Mizani isiposogea asiache. Shinikizo la damu huweza kushuka kabla ya kilo.